Shangazi wa Mkekani: Vidole vilivyojikunja na nyoka asiyekuwepo

Barua za safari hii zimenijia kwa mkupuo, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: kundalini, yoga inayosemwa kuwa inaamsha nguvu iliyolala kama nyoka chini ya uti wa mgongo. Naona kuna mtu mtandaoni kajifunga kilemba cheupe, kakaa kwenye ngozi ya kondoo, na anawapagawisha watu. Nimechagua tano. Zilizobaki zinafanana mno na hizi, kwa hiyo ukijiona humu bila jina lako, jua ni wewe.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nilikuwa muuguzi miaka 19 kabla sijaanza kufundisha yoga, na tabia ya wodini haijanitoka. Mtu akinisimulia maajabu yake, mimi kwanza namtazama rangi ya midomo.

*Shikamoo Shangazi. Nilienda darasa la kundalini kwa mara ya kwanza. Tulifanya "pumzi ya moto" kama dakika saba hivi. Midomo ikaanza kufa ganzi, mikono ikawa kama inatembewa na sisimizi, kisha vidole vikajikunja vyenyewe nikashindwa kuvinyoosha. Mwalimu akasema nina bahati, nguvu yangu imeamka siku ya kwanza, nisishindane nayo. Nimefurahi, ila pia nimeogopa. Ni kweli imeamka? – Mwenye Vidole*

Marahaba mwanangu. Hebu nikuulize: kidole gumba kiliingia kiganjani, vinne vilivyobaki vikashikamana vikaelekea mbele, na kifundo cha mkono kikapinda kwa ndani? Basi mkono huo naujua. Madaktari wanauita mkono wa mkunga, maana unafanana na mkono wa mkunga anapojiandaa kumpokea mtoto. Haumsubiri nyoka yeyote aamke. Hewa ya ukaa ikipungua mwilini, unakuja wenyewe.

Mambo yanakwenda hivi. Mwili hautaki oksijeni peke yake. Unataka pia ibaki kiasi fulani ya ile hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua. Ukikimbia, misuli inaitengeneza kwa wingi na mapafu yanaitoa kwa wingi, hesabu inakaa sawa. Lakini ukihema kwa kasi na kwa nguvu ilhali umekaa kitako, unatoa kuliko unavyotengeneza. Damu inapungukiwa na asidi. Hapo kalsiamu iliyokuwa huru ndani ya damu inajishikiza kwenye protini, na mishipa ya fahamu, ambayo inaitegemea kalsiamu hiyo ili itulie, inaanza kurusha ishara ovyo. Midomo inakuwa ya kwanza kuhisi, na ncha za vidole. Kisha misuli ya mkono inakaza. Wakati huohuo mishipa ya damu kichwani inasinyaa, kichwa kinakuwa chepesi, taa inaonekana kama ina ukungu wa dhahabu, na mtu akikunong'oneza kwamba umefika mahali patakatifu, unamwamini.

Mimi nilimwamini. Darasa langu la kwanza, dakika ya tano au ya sita, vidole vyangu vilifanya hivyohivyo, na mwalimu wangu wa wakati ule akanipigapiga begani akasema chakra ya moyo, yaani kituo cha nguvu kifuani, imefunguka. Nikalia kwa furaha. Mimi, muuguzi, niliyekwisha kuwashika mikono wagonjwa wasio na idadi waliofikishwa usiku wakihema kwa hofu, nikiwaambia, "Polepole mama, pumua nami, vidole vitanyooka." Nilifika nyumbani nikamsimulia mume wangu. Yeye ni fundi saa, maneno yake ya kuhesabu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na wale wagonjwa wako, nao huwa mioyo yao imefunguka?" Sikumsemesha mpaka asubuhi.

Huenda siku moja utakutana na jambo mkekani ambalo kemia haitalimaliza. Sitabishana nawe. Ila hilo la siku ya kwanza, dakika ya saba, ni hewa tu.

Vidole vikianza tena, acha zoezi hapohapo, hata kama darasa zima linaendelea. Fumba mdomo, pumua kwa pua taratibu, na utoaji uwe mrefu kuliko uingizaji. Mara nyingi dakika chache zinatosha. Kifua kikiuma, ukizimia, au hali ikikataa kutulia, hilo si la mwalimu tena. Ni la hospitali.

Halafu nadhani hukuoneshwa pumzi yenyewe. Wengi wanaambiwa "pumueni haraka kwa pua" na muziki unawashwa. Jaribu nilivyofundishwa baadaye na mama mmoja aliyekuwa na subira. Kaa wima, kiganja kimoja juu ya kitovu. Toa ulimi nje uhemeheme kama mbwa aliyekimbizwa juani. Utacheka, si neno, cheka. Angalia kiganja: pumzi ikitoka, kitovu kinarudi kuelekea mgongoni; pumzi ikiingia, tumbo linakisukuma kiganja nje. Ukishaona kiganja kinacheza vizuri, fumba mdomo, acha mdundo uleule uendelee kwa pua. Hiyo ndiyo pumzi ya moto. Kuingiza na kutoa ni sawa kwa sawa, nguvu inatoka kitovuni, mabega hayatikisiki, uso haujikunji. Ikizoeleka inafika pumzi mbili au tatu kwa sekunde, lakini mgeni aende nusu ya hapo.

Kosa kubwa ni kuipindua, yaani kulivuta tumbo ndani wakati wa kuingiza hewa. Sisi tuliozoea kubana tumbo ili nguo ikae vizuri ndio hodari wa kosa hili. Ukiona unatumia kifua na shingo, simama, rudi kwenye ulimi wa mbwa. Anza na sekunde 30. Wiki nzima. Kisha dakika moja. Hizo dakika saba ulizopewa ni mbio ndefu za mtu aliyevaa viatu jana.

Mjamzito asiifanye kabisa. Wanawake walio kwenye siku zao, hasa zile za damu nyingi, waiache ipite. Na wenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo, kifafa, kizunguzungu cha mara kwa mara, au mshono wa tumbo ambao haujapona vizuri, wakae nao pembeni wapumue kawaida. Mwalimu anayeanza pumzi hii bila kuuliza hata moja kati ya hayo, mhurumie lakini usimrudie.

*Shangazi, mimi ni mtu wa dini na sitaki kuchezea imani yangu. Rafiki yangu ananialika lakini nasikia wanaamsha nyoka na wanaimba maneno nisiyoyajua. Ni mazoezi ya mwili au ni ibada? – Mwenye Mashaka*

Swali zuri, na walimu wengi hulikwepa kwa kusema "ni sayansi tu". Mimi sitakwepa.

Nyoka kwanza. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, limetokana na *kundala*, kitu cha mviringo kama pete au hereni. Maandiko ya zamani ya Wahindi yanaichora nguvu ya uhai kama nyoka jike aliyelala chini ya uti wa mgongo, kajizungusha mara tatu na nusu. Mazoezi yanakusudia ainuke kwa njia ya katikati ya mgongo, apite vituo sita viitwavyo chakra hadi utosini. Ni picha, na ni picha ya kidini; imetoka kwenye tantra, mapokeo ya kale ya kidini ya Wahindi, ambako nguvu hiyo ni mungu wa kike. Huwezi kumpasua mtu mgongo ukamkuta, lakini pia usidanganywe kwamba picha hiyo haina asili.

Maneno sasa. Darasa la mtindo unaosambaa siku hizi hufunguliwa kwa *Ong Namo Guru Dev Namo*, mara tatu. Humo mna neno *namo*, ambalo maana yake ni kuinama kwa heshima, na anayeinamiwa ni hekima ya uumbaji na mwalimu aliye ndani ya mtu. *Sat Nam*, utakayoisikia mpaka uichoke, ni "jina la kweli", na limechotwa katika maandiko ya Masingasinga. Wengi wao, nikwambie, hawafurahii hata kidogo kuona maneno yao yanatumiwa kuhesabia pumzi, na wanasema wazi kwamba yoga hii si sehemu ya dini yao.

Basi uamuzi ni wako, na usimwachie rafiki wala mimi. Ninao wanafunzi wanaokaa kimya wakati wa kuimba. Ninao waliokuja siku moja, wakashukuru, wakaenda zao. Mwalimu mwenye adabu hatakukazia macho kwa kunyamaza. Ukitaka kunyoosha mgongo tu bila hayo yote, chagua yoga ya aina nyingine. Ziko tele ambazo hazina wimbo hata mmoja. Nguo nyeupe na kilemba navyo si sharti la mwili, mgongo hauoni rangi.

*Shangazi, nilikuwa nafurahia kundalini mpaka niliposoma habari za mwanzilishi wake. Sasa najiona mjinga. Niendelee? – Aliyevunjika Moyo*

Pole mwanangu, na wala si mjinga. Nitasimulia kwa ufupi ili wengine wasibaki gizani.

Kundalini kama wazo ni ya kale sana. Inatajwa katika vitabu vya yoga vya karne nyingi zilizopita. Lakini hili darasa lenye kriya, yaani mazoezi yaliyopangwa, za dakika 3, 11 au 31, pumzi ya moto na mavazi meupe, lilienezwa na mtu mmoja, Harbhajan Singh Puri, aliyejulikana kama Yogi Bhajan. Alizaliwa 1929, akafika Amerika Kaskazini mwaka 1968, na mwaka uliofuata huko Marekani akaanzisha 3HO, shirika la kueneza mafundisho yake. Aliwaambia wafuasi kwamba anawapa elimu ya siri ya maelfu ya miaka. Watafiti waliochunguza historia hiyo baadaye wameonesha kwamba mengi aliyachanganya mwenyewe kutoka kwa walimu aliokutana nao. Alifariki 2004.

Mwaka 2020 mwanamke aliyekuwa msaidizi wake wa karibu alitoa kumbukumbu zake, na wengine wakajitokeza. Taasisi zilizorithi kazi yake zikaita wachunguzi wa nje. Ripoti ya Agosti mwaka huohuo ikasema kwamba madai mengi ya unyanyasaji wa kingono na matumizi mabaya ya madaraka, kwa kadiri ya ushahidi, yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kuwa uongo. Wako wafuasi wanaoipinga ripoti mpaka leo. Mimi niliisoma yote, siku mbili, na picha yake niliyokuwa nimeitundika ukutani niliishusha kabla sijamaliza.

Uendelee? Mimi naendelea na baadhi. Kuvuta kitovu ndani ukitoa pumzi hakumilikiwi na mtu. Kilichokufa kwangu ni ile "usiulize, fuata". Kriya zile hufundishwa kwamba zisibadilishwe hata kidogo, dakika ziwe zilezile, mpangilio uleule, kwa sababu bwana mkubwa kasema. Mimi nabadilisha. Goti likikataa, zoezi linapisha. Na wewe ukiona darasa ambalo mwalimu hakosolewi, au ambalo mtu akiumia anaambiwa ni nafsi yake inagoma, toka hata kama hamjafika wimbo wa mwisho. Cheti chake kisikuogopeshe: mafunzo ya ngazi ya kwanza ya mtindo huu ni saa 220, na katika saa hizo hakuna aliyegeuka kuwa daktari.

Wapo wanaoacha kabisa kwa kuwaheshimu walioumizwa. Nao nawaelewa, na sina neno la kuwashawishi warudi.

*Shikamoo. Mdogo wangu wa kike ana ugonjwa wa akili ule wa hisia kupanda na kushuka. Amekuwa salama miaka mitatu kwa dawa. Sasa ameanza kundalini, anaamka saa kumi alfajiri kila siku, halali vizuri, anasema anaona mwanga. Mwalimu wake kamwambia dawa zinaziba nguvu. Nifanye nini? – Dada Mkubwa*

Barua hii ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa huu wote. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Dada, mpigie daktari wake leo. Sio kesho. Kwa ugonjwa huo, kukosa usingizi peke yake kunaweza kumpandisha mtu juu, na mtindo huu unasifia kuamka saa hizo kabla ya jua. Ongeza kuhema kwa nguvu kila alfajiri, ongeza mtu anayemwambia kwamba mwanga anaouona ni daraja la kiroho, kisha ondoa dawa: umewasha jiko umeacha gesi wazi. Akiwa anasema haraka kuliko kawaida, anatumia fedha ovyo, au hajalala kabisa usiku mbili, usisubiri miadi, mpeleke.

Mwalimu aliyesema dawa zinaziba nguvu amevuka mpaka ambao hana ruhusa ya kuuvuka. Nimekaa wodini na watu walioacha dawa kwa sababu ya sentensi kama hiyo, nikisubiri nao mpaka sauti zinyamaze. Sina upole juu ya jambo hili na sitautafuta.

Nawe usimgombeze mdogo wako. Mwulize anapata nini kule. Mara nyingi ni utulivu, au watu wa kukaa nao. Hivyo vinapatikana bila pumzi kali: kutembea, kujinyoosha taratibu, kuimba tu kwa sauti ya chini, na kulala saa zake. Daktari akikubali, arudi kwenye mazoezi ya pole akiwa na dawa zake mfukoni.

Na wala si wagonjwa tu. Waandishi wa kale wenyewe walionya. Na hata katika karne iliyopita, Gopi Krishna, karani wa serikali kule India, alitafakari kila alfajiri kwa miaka 17, na Desemba 1937 kikamtokea kitu akiwa amekaa: mngurumo kama maporomoko, mwanga ukapanda mgongoni. Kwa maelezo yake mwenyewe, miezi iliyofuata hakula vizuri, hakulala, aliungua kwa ndani akadhani anakufa au anapata wazimu, na ilimchukua miaka kutulia. Alibaki akiamini kundalini maisha yake yote, lakini hakuwahi kuiita mchezo. Ukimsikia mtu anaahidi kuiamsha kwa wikiendi moja, ama haamini anachokiuza, ama hajui.

Kwa wale wenzangu wenye wasiwasi wa kawaida unaokula usingizi, wasio na ugonjwa huu, hali ni tofauti. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 226 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Baada ya wiki 12, waliofanya kundalini yoga waliopata nafuu walikuwa asilimia 54. Waliopewa tu mafunzo ya kuelewa msongo, asilimia 33. Waliotibiwa kwa mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, asilimia 71. Miezi sita baadaye mazungumzo yalikuwa bado yanashinda, yoga haikuwa tena mbele ya yale mafunzo. Kwa hiyo inasaidia, kiasi, kwa muda, na haichukui nafasi ya tiba. Nawaambia hivyo hata wanaotaka kunilipa.

*Bibie, nina umri wa miaka 66, magoti yamechoka, presha ninayo lakini imetulia kwa vidonge. Kijana wangu kanitumia video ya Sat Kriya. Kukalia visigino siwezi. Nianzie wapi? – Mzee wa Magoti*

Shikamoo mzee wangu. Video hiyo iache kwanza. Sat Kriya inataka ukalie visigino, mikono juu imekumbatia masikio, na kitovu kinavutwa kila ukisema *Sat*. Mikono juu muda mrefu na kubana tumbo haviipendezi presha, na magoti umeshayasema. Pumzi ya moto nayo si yako, wala kubana pumzi.

Chukua kiti kisicho na magurudumu. Kaa mbele kidogo, mgongo usiguse, nyayo zote chini. Mikono juu ya mapaja. Funga macho. Gusisha kidole gumba na cha shahada, kisha cha kati, cha pete, cha mwisho, na kila mguso uwe na silabi yake: *sa, ta, na, ma*. Kwa sauti dakika moja, kwa kunong'ona dakika moja, kimyakimya dakika moja. Maneno yakikukwaza, hesabu moja hadi nne, vidole havitajua tofauti. Pumzi iache ijiendee yenyewe kwa pua.

Weka kengele ya simu, iwe ya mlio laini. Dakika tatu, usiongeze wiki ya kwanza hata ukijisikia kijana. Ikilia, fungua macho, tikisa vidole vya miguu, kaa hapohapo uhesabu hadi 20 ndipo usimame, huku umeshika mgongo wa kiti. Vidonge vya presha kama kawaida, na ukienda kliniki mwambie daktari umeanza. Kijana wako mwambie aniandikie mwenyewe. Nina neno naye kuhusu video anazotuma.